UZI: "Bahari tunayo, mbona tuna kiu?" Swali ambalo mjadala wa maji ya bahari huliruka

1/ Kila msimu wa siasa Pwani, lazima mtu asimame jukwaani, anyooshe kidole baharini, aseme: "Maji yote haya, na watu wetu bado wananunua mtungi!" Makofi. Anaahidi mtambo wa kutoa chumvi. Makofi tena. Mpinzani wake anasema ni ghali. Mjadala unaishia hapo. Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wote wawili hawakigusi. 🧵

2/ Kabla mniulize niko upande gani: mnajua kanuni ya huu ukurasa, sitaji mwanasiasa wala chama. Nasoma sayansi ya siasa, si uhandisi. Lakini nimekulia Mombasa, nyumba ambayo mfereji unatoa hewa kuliko maji, kwa hivyo hii kwangu si nadharia.

3/ Tuanze na mfuko. Kwetu mtungi wa lita 20 ukiuzwa bob 20, tunasema "bei imeshuka". Sasa piga hesabu: mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Hiyo ni shilingi 1,000. Mwenye kupata maji ya mfereji hawezi hata kuota bei hiyo. Maskini ndiye anayelipa maji ghali zaidi mjini. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

4/ Kwa nini bahari inavutia kisiasa? Angalia maji ya Mombasa yanatoka wapi. Mzima iko Taita Taveta, bomba lake linasafiri kilomita zaidi ya 200. Baricho iko Kilifi. Marere na Tiwi ziko Kwale. Chanzo kikubwa chote kiko kaunti ya mtu mwingine. Bahari peke yake ndiyo iko mlangoni, na haina jirani wa kugombana naye. Kwa mwanasiasa, hiyo ni ndoto.

5/ Ndiyo maana tangu 2018 mnasikia ule mpango wa mtambo wa mita za ujazo 100,000 kwa siku. Shikeni hiyo namba, 100,000. Kuna mji Marekani ulijenga mtambo wa karibu ukubwa huo huo, na yaliyowapata ndiyo kiini cha uzi huu. Lakini kwanza tuelewe mtambo unafanyaje kazi. Dakika mbili tu.

6/ Mitambo mingi ya sasa inatumia osmosisi kinyume. Unasukuma maji ya bahari kwa presha kubwa dhidi ya utando mwembamba sana. Maji yanapenya, chumvi inabaki. Presha yenyewe ni kati ya bar 55 na 70. Tairi ya gari la kawaida ni kama bar 2. Sasa mnaelewa stima inaendea wapi.

7/ Huo utando ndio unaopigwa picha kwenye uzinduzi. Mabomba meupe yamepangwa safu safu, mgeni wa heshima kavaa kofia ya plastiki. Lakini utando una udhaifu mmoja: ulitengenezwa kuzuia CHUMVI. Haukutengenezwa kuzuia matope, mwani, mafuta, kinyesi, wala mayai ya kome. Ukiuletea hayo, unaziba. Ukiziba, mtambo wa mabilioni unakuwa mnara wa kumbukumbu.

8/ Kwa hivyo kabla maji hayajafika kwenye utando, lazima yasafishwe mara ya kwanza. Wahandisi wanaita usafishaji wa awali. Hapa ndipo mitambo ya maji ya bahari hufa au kupona. Na sijawahi kusikia mtu hata mmoja akiulizwa kuhusu jambo hili kwenye mdahalo.

9/ Mama zetu Pwani wanaelewa hii kitu bila kwenda chuo. Ukikuna nazi hupiti moja kwa moja kwenye sufuria. Kuna kifumbu. Tui la kwanza, la pili, unakamua, unachuja. Ukiruka hatua, wali unakuwa na makapi. Tofauti ni kwamba hapa makapi yanaharibu kifaa cha dola nyingi.

10/ Hatua ya kwanza: UNACHOTA WAPI? Kuna njia mbili kubwa. Moja, bomba linaloingia baharini na kuvuta maji moja kwa moja. Mbili, visima vinavyochimbwa ufukweni, ambapo bahari inapenya kwenye mchanga na mwamba kabla ya kuingia kisimani. Hiyo ya pili, ardhi yenyewe inakufanyia uchujaji wa kwanza bure.

11/ Mji wa Sur, Oman, ule ule ambao majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi kwetu, una mtambo mkubwa unaotumia visima vya ufukweni. Inawezekana, ila jiolojia iruhusu. Ukichimba mahali pabaya unapata maji kidogo, au unaharibu visima vya majirani. Kwa hivyo swali la kwanza kwa mgombea: ni bomba au visima, na nani amepima mwamba?

12/ Hatua ya pili: NYAVU NA KLORINI. Nyavu zinazuia samaki, mwani mkubwa na karatasi zetu za plastiki. Klorini inaua viumbe wasijenge makao ndani ya mabomba. Lakini hapa kuna mtego: utando mwingi wa kisasa unaharibiwa na klorini. Ni kama kuloweka leso yako nzuri kwenye Jik. Inabidi klorini iondolewe tena kwa kemikali nyingine kabla maji hayajafika pale.

13/ Mtego wa pili: klorini inapopasua viumbe wadogo, yaliyomo ndani yao yanamwagika majini na kuwa chakula cha bakteria watakaosalimika. Wanafika kwenye utando wameshiba, wanazaana, wanatandaza ute. Ndiyo maana siku hizi mitambo mingi haimwagi klorini saa zote. Wanapiga dozi kali kwa vipindi. Kitu unachodhani ni dawa, ukikosea kipimo kinakuwa mbolea.

14/ Hatua ya tatu: KUGANDISHA UCHAFU. Mnakumbuka shabu? Ile nyanya anaikoroga kwenye maji ya matope hadi uchafu unashikana na kutulia chini? Ndiyo hiyo hiyo, ila kwenye maji ya bahari wanatumia zaidi kloridi ya chuma. Chembe ndogo ambazo zingepita kwenye kichujio zinashikana, zinakuwa mabonge yanayoweza kunaswa.

15/ Kama bahari ina mwani mwingi au mafuta, kutulia chini hakutoshi kwa sababu vitu hivyo vinapenda kuelea. Hapo wanaingiza vipovu vidogo vya hewa kutoka chini. Vipovu vinanyanyua uchafu hadi juu, unaenguliwa. Umewahi kuchemsha maharagwe ukaengua povu? Basi umeelewa.

16/ Hatua ya nne: KUCHUJA. Njia ya zamani ni mapipa au mabwawa ya mchanga pamoja na makaa magumu ya anthrasaiti. Njia mpya ni utando wa kuchujia wenye matundu madogo sana, ambao unazuia hadi bakteria wengi. Mchanga ni nafuu na unavumilia mengi, lakini bahari ikichafuka ghafla, maji yanayotoka nayo hubadilika. Utando wa kuchujia unatoa maji ya ubora ule ule kila siku, ila nao una bei na unaziba pia.

17/ Mwishoni kuna vichujio vidogo vya mikroni 5. Kazi yao ni ulinzi wa mlangoni: wadake kile kilichoponyoka. Pia huongezwa kemikali ya kuzuia ukoko. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la nyumba inayotumia maji ya kisima? Ungekaa kwenye utando pia. Sasa kumbukeni hivyo vichujio vidogo. Vinarudi kwenye stori baada ya muda mfupi.

18/ Unajuaje kama maji sasa ni safi vya kutosha? Kuna kipimo kinaitwa SDI, na ni rahisi kiasi kwamba hata diwani anaweza kukielewa. Unapitisha maji kwenye karatasi ya kuchujia yenye matundu ya mikroni 0.45, kwa presha ile ile. Unapima sekunde za kujaza nusu lita. Unaacha maji yapite, ikifika dakika 15 unapima nusu lita tena.

19/ Mfano: mwanzo ilichukua sekunde 20. Baada ya dakika 15 inachukua sekunde 80. SDI yako ni 5, na hapo uko ukingoni. Watengenezaji wa utando kwa kawaida hawakubali zaidi ya hapo kwenye waranti yao. Kama ni sekunde 20 kisha 36, SDI ni karibu 3, na hapo wahandisi wanalala usingizi. Namba moja. Ingeweza kubandikwa kwenye tovuti ya kaunti kila asubuhi.

20/ Sasa twende Florida. Tampa Bay. Walikuwa na shida kama yetu: visima vimechoka, kaunti jirani zinagombania maji. Wakaamua kujenga mtambo wa maji ya bahari wa galoni milioni 25 kwa siku, yaani karibu mita za ujazo 95,000. Bei ya mwanzo: dola milioni 110. Mtambo ulianza kutoa maji mwaka 2003. Watu walifurahi.

21/ Furaha haikudumu. Maji ya ile hori yalikuwa yamejaa chembe, na kulikuwa na kome wa kijani, mgeni kutoka Asia, wanaong'ang'ania kila mahali. Usafishaji wa awali haukuweza. Vile vichujio vidogo vya mlangoni vikawa vinaziba na kubadilishwa haraka mno. Utando nao ukachafuka. Mtambo ukafeli majaribio ya kukabidhiwa.

22/ Wakandarasi nao? Mmoja alikuwa amefilisika mwaka 2000 kazi ikiendelea, mwingine akaomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2003. Mtambo ukaja kufungwa ili urekebishwe. Waliongeza nyavu bora, wakaboresha ugandishaji na vichujio vya mchanga, wakaweka hatua nyingine ya vichujio vyenye unga laini wa mabaki ya viumbe wa majini. Ulirudi kazini mwaka 2007.

23/ Gharama ya kurekebisha ilikuwa karibu dola milioni 48. Jumla ikafika kama dola milioni 158. Soma tena hapo: utando haukuwa teknolojia mbovu. Umeme haukukatika. Kilichowaangusha ni hatua za kabla ya utando. Na hiyo ni Marekani, nchi ambayo ina pesa ya kurudia kosa.

24/ Najua kuna mtu tayari anaandika: "Mbona Dubai wanafanya?" Swali zuri. Mitambo mingi ya zamani ya Ghuba ilikuwa INACHEMSHA maji ya bahari na kukusanya mvuke, kando ya vituo vya umeme. Kuchemsha kunavumilia maji machafu kuliko utando. Lakini kunakula nishati vibaya sana. Wao mafuta ni ya nyumbani. Sisi siyo.

25/ Na hata wao walichapwa walipotumia utando. Mwaka 2008 hadi 2009 mwani mwekundu ulitanda Ghuba na Bahari ya Oman kwa miezi. Mitambo kadhaa ya Falme za Kiarabu na Oman ilisimama, mingine kwa wiki kadhaa. Mji unaotegemea bahari kwa maji ya kunywa, na bahari imegoma. Tangu hapo ile mbinu ya vipovu ikapata heshima mpya kwa wanaojenga mitambo huko.

26/ Turudi nyumbani. Bahari yetu siyo maji ya bluu ya postikadi mwaka mzima. Kusi ikivuma bahari inachafuka. Masika yakipiga, Mto Mwache unamwaga tope Port Reitz. Malindi, Sabaki inaleta udongo wa bara hadi maji yanageuka rangi ya chai. Bamvua na maji mafu hazileti maji yale yale. Kilindini kuna meli za mafuta. Na kwenye hori zetu, tuseme ukweli, kuna choo.

27/ Ndiyo, choo. Sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya maji taka. Kinachotoka kwenye mashimo na mitaro kinaishia Tudor na Port Reitz. Halafu tunataka kuvuta bahari hiyo hiyo na kuinywa. Maoni yangu: bomba la maji taka ni sehemu ya usafishaji wa awali. Kila shilingi tusiyotumia kuzuia kinyesi kisifike baharini, tutailipa kama kemikali na vichujio, milele.

28/ Ndiyo maana mtambo mzuri hujengwa baada ya majaribio madogo mahali hapo hapo. Kajitambo kadogo, kwa mwaka mzima hivi, kipitie kusi, kaskazi, masika na vuli. Wiki mbili za Januari, bahari imetulia kama uji, hazikuambii kitu. Lakini mwaka mzima wa majaribio hauna utepe wa kukata. Hapo ndipo siasa na uhandisi hugombana.

29/ Sasa ile sehemu yangu, pesa na mamlaka. Mitambo hii mara nyingi hujengwa kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi. Kampuni inajenga, sisi tunanunua maji kwa miaka 20 au zaidi. Mikataba mingi ya aina hii ina kipengele: mtambo ukiwa tayari, unalipa hata kama hukuchukua maji. Kenya tunajua kipengele kama hicho kutoka kwa stima. Hilo ndilo watu huuliza, na ni sawa kuuliza.

30/ Lakini kuna kipengele kingine kimejificha nyuma: UBORA WA MAJI YANAYOINGIA. Mkataba huandika "bahari itakuwa na tope kiasi hiki, mwani kiasi hiki, mafuta kiasi hiki". Bahari ikizidi hapo, mwendeshaji anaweza kusamehewa asipotoa maji. Yaani siku bahari ikichafuka, hasara ni ya nani? Ya kampuni, ama ya mama wa Likoni? Jibu liko kwenye kurasa ambazo hakuna anayezisoma jukwaani.

31/ Na motisha iko wazi. Unataka bei ya chini kwenye zabuni? Punguza usafishaji wa awali. Hakuna mpiga kura atakayeona bwawa la mchanga limekosekana. Bei inaonekana tamu leo, maumivu yanakuja mwaka wa tatu, wakati aliyekata utepe ameshahama afisi. Utando ukitunzwa unaweza kudumu miaka 5 hadi 7 au zaidi. Usipotunzwa unakufa mapema na bili inarudi kwenu.

32/ Kitu kingine: uchafu ulioondolewa unaenda wapi? Kutoa mita 100,000 za maji matamu unavuta zaidi ya 220,000 kutoka baharini. Nusu na zaidi inarudi ikiwa na chumvi kali. Na maji ya kuoshea vichujio yana ile kloridi ya chuma, mekundu kama kutu. Ukiyamwaga hivyo hivyo, wavuvi ndio wa kwanza kuyaona. Yanapaswa kutulizwa, tope litolewe, lipelekwe kwingine. Muulize mgombea ni wapi.

33/ Je, ninapinga mtambo? Hapana. Rudini kwenye post ya 3. Duniani, mitambo mikubwa ya kisasa huzalisha mita ya ujazo kwa kati ya nusu dola na dola moja na nusu. Hata ukiongeza mabomba, uvujaji na faida, bado kuna nafasi kubwa chini ya ile shilingi 1,000 ya mtungi. Anayesema tu "ni ghali" hajawahi kununua mtungi. Anayesema tu "tutajenga" hajawahi kusikia kuhusu Tampa Bay.

34/ Haki yetu ya kuuliza iko kwenye Katiba. Kifungu 43(1)(d): maji safi na salama ya kutosha. Kifungu 35: haki ya kupata habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi lako. Ripoti ya athari kwa mazingira inapitia NEMA na umma unapewa nafasi ya kutoa maoni. Bei ya maji inapitia WASREB. Milango ipo. Ni sisi hatubishi.

35/ Kwa hivyo mdahalo ujao mtu akiahidi kuisafisha bahari, maswali ni haya:
• Mtachota wapi, kwa bomba au kwa visima?
• Majaribio yamefanyika misimu mingapi, na matokeo yako wapi?
• SDI mliyoahidiwa ni ngapi, na itatangazwa kwa umma?
• Bahari ikizidi viwango vya mkataba, nani analipa?
• Tope la vichujio linaenda wapi?
• Maji taka ya hori mtayafanyia nini kabla?

36/ Akijibu manne kati ya sita, mpe sikio. Akirudi kuonyesha bahari kwa kidole, piga makofi kidogo, uende zako.

Wahandisi mlio humu, nikikosea mahali nirekebisheni, nitaweka marekebisho chini ya uzi. Wengine, mtumie mtu mmoja anayenunua maji kwa mtungi. Huyo ndiye mdahalo unamhusu.

Uzi ujao: kwa nini bomba likipasuka barabarani hakuna anayejua ni kazi ya kaunti au ya nani. Kesho jioni, Mungu akipenda.